Mgeni Aliyenyimwa Maziwa

Ilikuwa saa sita mchana, mwezi wa pili, na hakukuwa na wingu hata moja kutoka mtaa wa Kiwanjani hadi Burat, lakini Tiya alisikia harufu ya mvua. Ile ya matone ya kwanza yakigonga vumbi. Alitoka jikoni akaangalia juu. Mbingu ilikuwa nyeupe kwa joto. Mbuzi wake wanne, waliokuwa wamelala kivulini, walikuwa wamesimama wote, nyuso zimeelekea langoni.

Mwanamume mrefu alikuwa anaingia, fimbo begani kama mchungaji.

"Salaam aleikum, mwenye nyumba."

"Aleikum salaam," Tiya alijibu, akimkagua kwa macho. Kanzu ya mtu yule haikuwa na vumbi hata kwenye pindo, na wala hakuonekana kuwa na jasho. Aliketi kwenye kigoda kando ya mlango, akatulia.

"Nina kiu, mama."

Nyanya aliyemlea Tiya huko Biliqo alikuwa akisema kwamba kifo si mnyama wala upepo. Ni mgeni. Huja na adabu, hukaa mlangoni, na haingii kwa mgonjwa mpaka mwenye nyumba ampe maziwa kwa mkono wake. Wengine humwita Izraili, wengine hawathubutu kumtaja. Utotoni Tiya aliyacheka maneno hayo. Leo mumewe Dahir alikuwa amelala nyuma ya mlango ule ule, saratani imemziba koo. Miaka ishirini alikuwa ameendesha lori la ng'ombe akiwapigia wenzake kelele barabarani, na sasa hakuweza kumeza hata mate yake. Hospitali ilikuwa imesema arudishwe nyumbani.

"Hakuna maziwa," Tiya alisema.

Ilhali jikoni kulikuwa na kibuyu kizima cha maziwa ya ngamia. Mgeni aliinamisha kichwa kama mtu aliyeelewa. Alasiri alienda zake. Kesho yake, saa sita, akarudi.

Tiya alikuwa na sababu. Binti yao wa pekee, Deeqa, alikuwa anafanya kazi za nyumbani Saudia, na mwajiri wake alikuwa amekataa kumrudishia pasipoti yake. Kila jioni alituma sauti kwa simu, akimlilia baba yake: "Mama, mwambie Aabo anisubiri. Nakuja." Mara pasipoti imepatikana, mara ndege imesogezwa mbele. Dahir alisikiliza sauti hiyo macho yamefumbwa, akitikisa kichwa kukubali.

Siku ya nne Natabo, jirani Mturkana aliyekuja kila siku kusaidia kumgeuza mgonjwa, alisimama ghafla mlangoni na beseni mikononi.

"Mama Deeqa, hapa kwako kumenyesha?"

"Hapana."

"Mbona nasikia mvua?" Alitaka kuliweka beseni kwenye kigoda, mkono ukakataa. Nywele za mkono zilikuwa zimesimama. Hakumwona aliyeketi pale, lakini aliliweka beseni chini, akaanza kusali kimyakimya, na siku hiyo hakukaa.

Kuanzia hapo Tiya aligundua jambo ambalo hakumwambia mtu, kwamba kila Dahir alipovuta pumzi kule ndani, kifua cha mgeni huku nje kiliinuka, na Dahir aliposhindwa kuitoa, kifua kile nacho kilisimama, kikangoja, mpaka yeye mwenyewe Tiya akajikuta amebana pumzi, ameshika ukuta, akiwasikiliza wawili wale wakipumua kwa pafu moja, huku mbuzi wamesimama bila kutafuna na jua limekwama juu ya mabati kana kwamba halitashuka tena.

Alimwita Sheikh Shuriye. Mzee huyo alifukiza ubani, akaanza kusoma kwa sauti kubwa. Alipofika karibu na kigoda, sauti ilishuka, ikazimika. Alimvuta Tiya pembeni.

"Jini ningemfukuza, binti yangu," alinong'ona. "Huyu ametumwa. Mimi nitamwambia nini?"

Ijumaa, dawa ya maumivu iliisha. Dahir alikuwa anapiga mayowe yasiyo na sauti, mdomo wazi, vidole vimechana shuka. Saa sita ilipofika alimshika mkewe mkono, akanong'ona kwa shida.

"Tiya. Nani ameketi mlangoni?"

"Hakuna mtu."

"Namwona. Tangu lini nyumba yangu inamnyima mgeni maziwa?"

Tiya alipiga magoti. "Deeqa yuko njiani. Kesho asubuhi anafika. Kesho tu, baba."

"Kila siku unaniambia kesho." Machozi yalimtiririka masikioni. "Koo linaungua. Mpe, Tiya. Nihurumie, mpe."

Alienda jikoni. Alimimina maziwa kikombeni, yakamwagika, akamimina tena. Alimpa mgeni kwa mikono miwili, uso umegeukia ukuta. Mgeni alikunywa polepole, akafuta mdomo.

"Mungu akulipe."

Alivua viatu, akaingia. Tiya alisikia sauti ya mumewe, safi, nzito, ile ya zamani ya barabarani, ikisema, "Karibu." Halafu hakusikia kitu. Mbuzi walilala chini. Harufu ya mvua ilikuwa imeondoka.

Walimzika kabla ya magharibi.

Deeqa alifika asubuhi, amebeba asali aliyoambiwa italainisha koo. Alipowaona wanawake wamekaa kwenye mikeka, chupa ilimponyoka. Alilia mpaka sauti ikakauka, kisha akamtazama mama yake.

"Mama, hamkuweza kunisubiri siku moja tu?"

Tiya aliinuka mkekani. Angemwambia nini? Kwamba alimngojesha baba yake siku nyingi katika moto, kisha akashindwa ile ya mwisho? Alimvuta kifuani. Walikaa hivyo mpaka wanawake wakaanza kuaga.

"Yule mzee wa langoni ni ndugu ya Aabo?" Deeqa aliuliza baadaye, akipangusa pua.

"Mzee gani?"

"Mrefu, ana fimbo. Alinishikia begi nikishuka kwa boda, akanipa pole. Akasema, 'Tulikungoja sana, mwanangu.'"

Tiya alimshika mikono yote miwili. "Ukamwambia nini?"

"Ningemwambia nini, Mama? Nilimkaribisha ndani. Akasema, si leo."