Hita Haivikwi Kanga

Asubuhi Kariakoo huanza na wasukuma mikokoteni. "Pisha, pisha," wanapita chini ya dirisha, hata mvua ya masika haiwazuii. Ghorofa ya pili, Hajira alikuwa ameshapika uji wa mzazi, wenye pilipili manga na samli. Alitoka Newala kuja kumuuguza binti yake Sophia, aliyejifungua siku kumi zilizopita.

Mtoto, Anuari, alizaliwa mdogo, kilo mbili na kidogo. Hospitali walisema asipate baridi. Neno hilo Hajira alilishika kama amana. Kila saa aligusa vidole vya miguu ya mjukuu wake, kimoja kimoja, aone kama vimepoa.

Mkwewe Uwesu, muuza viatu vya mitumba Mchikichini, akaleta hita ya umeme yenye feni, ile ndogo inayopuliza hewa ya moto. Akaichomeka kwenye ekstensheni pamoja na friji na televisheni, akaenda zake sokoni.

Joto lake Hajira alilipenda. Upepo wake hakuupenda. Kwao mtoto mchanga hapigwi upepo kabla ya arobaini. Akawaza, akachukua kanga, akaifunika hita gubigubi, ili joto lipite na upepo ubaki. Akaisogeza mpaka kitandani, ikagusana na chandarua. Sophia na mwanawe walikuwa wamelala. Hajira akaenda jikoni kuosha bakuli.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Mama Tushar, jirani wa mlango wa pili, ameleta sahani ya ladu, vitamu vya Kihindi, kwa mzazi. Kabla ya salamu akanusa.

"Hajira, nini kinaungua?"

Hakungoja jibu. Aliingia chumbani, akazima swichi ya ukutani, ndipo akaivuta ile kanga. Ilikuwa na doa la kahawia, pana kama sahani. Ekstensheni ilikuwa imelainika kama nta. Hajira akamnyakua mtoto. Shingo yake ilikuwa imeloa jasho, lakini alikuwa mzima. Sophia akaamka, hajui kilichotokea.

"Ningemuunguza mwenyewe," Hajira alisema. "Mimi niliyelea saba."

Mama Tushar akamkalisha. Alikuwa amefanya biashara Makambako miaka ishirini, na hita anazijua. "Makambako watu wanavaa makoti mawili, shoga yangu, na bado hita haivikwi kanga. Inavuta hewa nyuma, inaitoa mbele. Ukiifunika umeiziba pua. Moto unabaki ndani."

"Na upepo je?" Hajira aliuliza kwa sauti ndogo.

Jirani hakucheka. "Pasha chumba kwanza, mtoto akiwa sebuleni na mama yake. Kikipata joto, zima, chomoa, halafu mwingize. Hapo pana joto, upepo hamna."

Akaendelea kumweleza polepole. Hita hula umeme mwingi, kwa hiyo ichomekwe kwenye soketi ya ukutani, peke yake. Ikae sakafuni, mahali tambarare, si juu ya godoro wala mkeka. Kitanda, pazia, chandarua na nguo viwe mbali nayo, hatua moja kubwa au zaidi. Isishikwe kwa mikono yenye maji. Isiachwe ikiwaka watu wamelala au wametoka.

"Kwani nesi hakuwaambia mtoto akae kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi?"

"Alituambia," Hajira alikiri. Lakini alidhani hiyo ni kwa wasio na hita.

Sophia akacheka mpaka akashika tumbo. Siku hiyohiyo alianza kumweka mwanawe kifuani.

Uwesu aliporudi alisikiliza yote. Ekstensheni aliitupa. Hita hakuiwasha mpaka Pantaleo, fundi umeme wa mtaa wa Gerezani, alipoifungua. Alitoa vumbi, akakagua waya na plagi, akabadilisha na soketi ya ukutani iliyolegea.

Arobaini ilipofika, Anuari alikuwa kilo tatu na ushei, mashavu yamejaa. Hita ilikuwa inawashwa siku za mvua tu, kwa muda mfupi.

Kila Jumapili Hajira aliisafisha. Aliichomoa, akaiacha ipoe, akatoa vumbi kwenye matundu kwa brashi laini, akaifuta kwa kitambaa kikavu. Maji hakuyasogeza karibu. Na muda wote plagi aliipakata mapajani, aione kwa macho yake haipo ukutani.

"Mama, imechomolewa tangu asubuhi," Sophia alimtania.

"Najua," alijibu Hajira, akaendelea kupiga brashi, plagi ikiwa papo hapo.