Mistari ya Njano na Buluu

Fundi cherehani hakuwa mtu wa kufunga duka. Kwa hiyo aliposema, "Jumapili tunatoka wote," mkewe alidondosha mwiko.

"Tunatoka kwenda wapi?"

"Kutembea! Watu wanatoka mbali kuja kuona mji wetu na bahari yake. Sisi tunaishi hapa, na tunachokiona ni uzi na sindano tu."

Binti yao aliruka kutoka kitini. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukupumzika hata usingizini.

"Tutaona kasa, baba? Kasa wanakula nini? Wanalala saa ngapi?"

"Tutaona kasa, na mnara wa taa, na jumba la samaki, na makumbusho, na ufukwe. Vyote siku moja!"

Bibi, mama mzazi wa mke, aliinua macho. "Baba Chiriku, hayo ni matembezi au mashindano?"

"Usiwe na wasiwasi, Mama. Niachie mimi."

Jumamosi nzima Fundi alishona. Alishona magauni matatu na shati lake, yote kwa kitambaa kimoja cha mistari ya njano na buluu. Kitambaa hicho kilikuwa kimebaki kutokana na kazi moja kubwa aliyoipata mwanzoni mwa mwaka.

"Kwa rangi hizi hapotei mtu," alijigamba. "Chiriku ataonekana toka mbali."

"Tumekuwa kama pipi," alisema Bibi, lakini akavaa.

Siku ya safari walichelewa kutoka, maana Fundi hakukubali shati lake liwe na mkunjo hata mmoja. Jua lilikuwa limeshakuwa kali. Mnara wa taa waliupanda na kuushuka bila kutazama chochote. Kwenye jumba la samaki walipita kama watu wanaofukuzwa. Makumbusho waliyaona mlango tu.

Kwenye bwawa la kasa, mhudumu alikuwa anazungumza na watoto. "Kasa hana meno hata moja," alisema. Chiriku akanyoosha mkono aulize swali. Fundi akaushika mkono huohuo na kumvuta.

"Twende, bado ufukwe!"

"Lakini baba, sijauliza!"

"Utauliza siku nyingine."

Walifika ufukweni saa saba mchana. Mchanga ulikuwa wa moto. Chupa ya maji ilikuwa tupu, na mke wa Fundi alilalamika kichwa kinamgonga. Fundi aliinama amsaidie Bibi kuvaa kiatu kilichomtoka mguuni. Alipoinuka, Chiriku hayupo.

"Chiriku! Chiriku wee!"

Muziki na vicheko vya watu viliimeza sauti yake. Mbele yao bahari ilikuwa inapiga mawimbi. Fundi aliitazama. Alimpenda mtoto yule kuliko roho yake.

Walikimbilia jukwaa jekundu la waokoaji. Juu yake alikaa dada mwenye kofia pana na kipenga shingoni. Kwanza aliwatuma wenzake wawili waangalie majini. Kisha akauliza, "Amevaa nini?"

"Mistari ya njano na buluu!" Fundi alipaza sauti. "Kama sisi! Huwezi kumkosa!"

Mwokoaji aliutazama ufukwe, Fundi naye akatazama. Miavuli yote ilikuwa ya mistari ya njano na buluu. Viti vyote vya turubai vilikuwa vya mistari ya njano na buluu.

"Kaka," alisema mwokoaji, "ufukwe mzima umevaa hivyo."

"Najua," Fundi alijibu kwa sauti ndogo. "Vyote nilivishona mimi."

Bibi alimtazama mkwewe. Kisha akalitazama gauni lake mwenyewe.

"Mlikubaliana mkutane wapi mkipoteana?" mwokoaji aliuliza.

Fundi na mkewe walitazamana. Hawakuwa wamekubaliana popote.

"Basi niambieni, mtoto wenu ana tabia gani?"

"Anaongea," alisema mama mtu, machozi yakimtoka. "Hanyamazi hata kidogo."

"Ndiyo hivyo!" Bibi alidakia, akimgeukia mwokoaji. "Mwanangu, wanyamazishe hawa watu tusikilize."

Mwokoaji akapuliza kipenga kwa nguvu. Muziki ukazimwa. Waliokuwa wanacheka wakanyamaza. Na hapo, nyuma ya kiti cha tatu tu, sauti nyembamba ikasikika:

"...hana meno, babu! Sasa mswaki wa nini?"

Chiriku alikuwa amekaa kivulini, mistari yake ikichanganyika na mistari ya kiti, anamfundisha mzee muuza barafu mambo ya kasa. Fundi alimnyanyua akamkumbatia, akalia mbele za watu bila aibu.

"Baba, mbona unalia? Mlipotea?"

Mwokoaji aliwapa maji, akawakalisha chini ya mwavuli.

"Mkitoka na mtoto, tokeni mapema," alisema. "Chagueni sehemu moja au mbili, msichoke. Jua likiwa kali, kaeni kivulini mnywe maji. Mvalisheni rangi ambayo haipo mnakokwenda. Na kabla ya yote, mwonyesheni mahali: 'Usipotuona, njoo hapa, usimame, usubiri.'"

Fundi aliitikia kila neno kwa kichwa.

Mwezi uliofuata walitoka tena, asubuhi na mapema. Chiriku alivaa gauni jekundu na ndiye aliyechagua: kasa, kisha ufukwe. Kwenye bwawa aliuliza maswali mpaka mhudumu akaomba kupumzika. Walipofika ufukweni, Fundi alimwonyesha jukwaa la waokoaji, akamrudia maneno ya mwokoaji mara tatu.

Kisha Fundi akaona mwavuli wake mmoja umefumuka. Hakuweza kujizuia. Alitoa sindano mfukoni akashona ule, akaona mwingine, akashona na huo. Alipoinua kichwa, haoni mke, haoni mkwe, haoni mtoto. Akakumbuka alichofundishwa. Alikwenda jukwaani, akasimama, akasubiri.

Hazikupita dakika nyingi, gauni jekundu likatokea.

"Dada, namtafuta baba yangu," Chiriku alimwambia mwokoaji. "Anapenda kuzurura."

"Nipo hapa, mwanangu," alisema Fundi.

Chiriku alimshika mkono. "Umefanya vizuri kusimama, baba. Sasa twende, Bibi ana maji."