Mtoto Aliyeongea kwa Mikono

Je, umewahi kukaa ndani ya chumba cha mashine ya kusaga? Humo hata ukipiga kelele, husikiki. Mwanangu na mkewe hufanya kazi humo, basi huongea kwa mikono. Ngumi ni "zima". Viganja viwili ni "lete gunia". Jioni wanarudi na unga kwenye nyusi, na mikono bado inaongea.

Mjukuu wangu Kidoti alikulia humo, mgongoni kwa mama yake. Miaka mitatu ilitimia, maneno yake manne tu. Akionyesha kikombe, tunampa maji upesi.

"Ana uvivu wa ulimi," alisema mwanangu. "Ataongea tu."

"Shule ya watoto inakaribia kufunguliwa, Baba Kidoti," mkewe akajibu. "Akibanwa na haja huko, nani atamwelewa?"

Tukampeleka kliniki. Muuguzi alisimama nyuma yake, akatikisa kopo la kokoto taratibu. Kidoti akageuka. Muuguzi akanong'ona jina lake, Kidoti akageuka tena.

"Anasikia," alisema muuguzi. "Wengine huchelewa kwa ugonjwa wa masikio, wengine kwa sababu nyingine. Ndiyo maana tunapima mapema, hatukai kungoja."

"Basi kosa ni letu, tunaoongea kwa ishara kwenye mashine ya kusaga?" mkwe wangu aliuliza.

"Hapana, mama. Ishara hazimdhuru, lakini kelele ya mashine ndiyo mbaya kwa masikio yake. Akae mbali nayo. Akionyesha kikombe, mwambie, 'Unataka maji? Haya, maji.' Kisha msubiri. Akikosea msimcheke, rudieni neno vizuri. Halafu mnirudishie nimwone tena."

Nikabaki naye nyumbani. Nikiosha bakuli, namwambia, "Bakuli. Bakuli limelowa."

"Mama, siku hizi unaongea na vyombo?" mwanangu alinitania.

"Naongea na mwanao. Wewe ndiye umekaa kimya kama gunia."

Alicheka, akakaa sakafuni, akaanza kumweleza Kidoti habari za soksi zake. Kidoti alimtazama midomo.

"Kuli," alisema asubuhi moja.

"Ndiyo, bakuli," nikamjibu.

Yakaja maneno mengine. Kisha mawili pamoja. Muuguzi alipomwona tena, alitabasamu.

Shule ikafunguliwa. Mlangoni, mwalimu aliinama kumsalimia. Kidoti akabana miguu. Mama yake akafungua kinywa amsemee, nikamshika mkono.

"Ngoja," nikamwambia.

Tukangoja. Kidoti akamtazama mwalimu usoni.

"Mwalimu," alisema, "nataka kukojoa."