Alama A ya Somo Asilolisoma

Jumapili ile nyumba ya Bi Verlene Hargrove ilikuwa imetulia. Tulikuwa tumerudi kanisani, kuku amekwisha kukaangwa, mkate wa mahindi umo ndani ya oveni. Nyla, binti mdogo wa nyumba, alikuwa amejilaza kwenye kochi, miguu yake juu ya mapaja ya kaka yake, Quinton. Nyla ana selimundu, ule ugonjwa wa damu. Maumivu yakimshika, anayejua kumgeuza bila kumuumiza ni Quinton peke yake. Ndiyo maana tangu utotoni, kila aliyemuuliza atakuja kuwa nani, alimjibu kuwa atakuwa nesi.

Wenzake walimcheka. "Nesi gani ana mabega kama friji?"

"Nesi wa kukubeba wewe ukizimia," akawajibu.

Mimi nilipanga chumba cha nyuma katika nyumba hiyo. Nilikula nao na kusali nao, kwa hiyo haya ninayowaeleza sikuyasikia kwa majirani.

Basi, kuku hajafika mezani, gari likasimama nje. Akashuka Kocha Brannock wa Chuo Kikuu cha Dunmorrow, na kofia yake ya njano. Mtaa mzima ulitoka barazani. Katika mji wetu wa Pruitt Ferry, timu ya mpira ya Dunmorrow, ambayo watu huiita Nyigu, hupendwa kuliko meya, na nathubutu kusema kuliko mchungaji. Watu hawasalimiani kwa habari za asubuhi. Mmoja anasema "Dunga!" na mwenzake anaitikia "Dunga tena!" Hata msibani nimeyasikia.

Quinton aliichezea shule yake mpira, na kwetu ni desturi kocha anayemtaka kijana aje kula kwa mama yake. Na akina mama wa kwetu wana kosa lao moja: humpima kocha kwa jinsi anavyokula. Brannock alikula vipande vinne, akapangusa sahani kwa mkate, akaomba mboga tena.

"Bi Verlene, mke wangu akisikia ninavyomsifu kuku huyu, leo nalala kwenye gari."

"Kula, Kocha, kula. Lakini mwanangu anataka unesi. Atasoma?"

"Atasoma anachotaka. Nitamlea kama wangu. Atatoka Dunmorrow na shahada mkononi, naapa mbele ya chakula chako."

Bi Verlene aliniangalia kama anayesema, umesikia? Hakuuliza nani atakayempangia kijana masomo. Hakuuliza mazoezi ni saa ngapi na maabara ni saa ngapi. Angeulizaje? Mtu amekula kwako hadi amelegeza mkanda, utaanza kumhoji kama polisi?

Quinton akaenda Dunmorrow. Siku ya kwanza wachezaji wapya walipelekwa kwenye jengo lao la masomo, la vioo vitupu, zuri kuliko maktaba ya chuo. Huko alikuwako mshauri wao wa masomo, Bi Stroud, mwanamke mcheshi mwenye bakuli la peremende mezani. Idara ya michezo ndiyo iliyomwajiri na kumlipa, si walimu. Alimwomba kila kijana neno lake la siri, lile la kufungulia mahali pa kujiandikisha masomo kwenye kompyuta.

"Ndivyo tunavyofanya hapa, mpenzi," alisema. "Wewe fikiria mpira. Mengine niachie mimi."

Wakampa wote, huku wanatafuna peremende zake.

Mwaka wa kwanza aliwekwa katika Masomo ya Burudani. Akapiga simu nyumbani.

"Mama, leo tumefundishwa jinsi ya kupanga pikniki."

"Pikniki? Na unesi?"

"Bi Stroud anasema subiri mwaka wa pili."

Mwaka wa pili alikataa kusubiri. Alijiandikisha mwenyewe somo la mwili wa binadamu, ambalo bila kulipita huingii unesi. Mwalimu wake alikuwa Dakta Ostrander, mwanamke mfupi, mkali, asiyejua hata Nyigu wanacheza na nani. Maabara yake ilikuwa na sanamu moja ya mifupa, bega lake limegandishwa kwa gundi, wanafunzi wanaigombea. Na dirishani, ndugu zangu, unaona ubao mpya wa matokeo ya mpira, mkubwa kuliko nyumba yetu, unawaka mchana kweupe.

Shida ilikuwa saa. Maabara ya Jumanne iligongana na kikao cha timu cha kuangalia picha za mechi. Quinton alikuwa akifika kikaoni amechelewa, anaingia kwa kunyatia na mwili ule, na kocha msaidizi anamsubiri.

"Karibu, Daktari! Umetuletea vidonge?"

Chumba kizima kikacheka. Naye akacheka nao, akaketi. Kwenye basi la timu alisoma majina ya mifupa kwa sauti ndogo. Hata alipokuja nyumbani kwa likizo fupi alimshika Nyla mkono, akamtajia mfupa mmoja mmoja, na Nyla akawa anamkosoa makusudi ili arudie.

Mtihani wa mwisho ukaja. Quinton aliingia, akachukua kiti cha mbele. Dakta Ostrander alimsogelea na karatasi za wengine mikononi.

"Kijana, nimefurahi unapenda somo langu. Lakini mtihani ni wa waliojiandikisha tu."

"Nimejiandikisha, Dakta."

"Uliliacha mwezi wa pili wa muhula. Nilidhani unaendelea kuja kusikiliza kwa mapenzi yako."

"Sijaacha. Mimi niache hili?"

Yule mama alimtazama, akaelewa kabla ya kijana kuelewa. Akampa karatasi, akamwambia akae afanye. Quinton alipata alama themanini na nane. Lakini alama hizo hazikuwa na mahali pa kukaa, kwa sababu chuoni yeye hakuwa mwanafunzi wa somo hilo.

Alipotupigia simu hakulia. Alisema tu, "Mama, wamenifuta." Bi Verlene akazima jiko, akachukua ufunguo wa gari. Tukaenda sisi watatu, Nyla amejifunika blanketi kiti cha nyuma.

Bi Stroud alitupokea sote kwa peremende, Nyla na blanketi lake begani.

"Mama Quinton! Dunga!"

"Usinidunge. Nani alimtoa mwanangu kwenye somo?"

"Mimi, mpenzi. Nilimlinda. Somo lile linaangusha nusu ya darasa. Angefeli, asingeruhusiwa kucheza."

"Amepata themanini na nane!"

"Hilo nisingeweza kulijua mapema, si ndiyo? Na hajapoteza kitu. Nilimwekea somo jingine, la kwenye kompyuta, Burudani za Nje ya Nyumba. Ana A."

Quinton alikuwa amesimama mlangoni. "A ya nini? Somo hilo sijawahi hata kulifungua."

Hapo tabasamu la mwanamke yule likabaki limening'inia bila mwenyewe. Kocha Brannock akaingia, nadhani alikwisha kuitwa. Hakuuliza hali ya mgonjwa kwenye blanketi.

"Bi Verlene, tusikuze mambo. Kijana atacheza Jumamosi, na msimu ujao tutautazama huo unesi."

"Kazi ya hiyo A nani aliifanya, Kocha?"

"Imefanywa kwa jina la Quinton, kwa neno la siri la Quinton." Akamgeukia kijana, kwa upole kabisa. "Ukienda kusema, mwanangu, mwizi ni wewe. Mimi sina somo ninalosoma hapa."

Nimeyasikia hayo kwa masikio yangu. Mtu aliyekula mezani kwetu! Walimwibia kijana somo lake, wakambambikia uongo wao, kisha wakamtishia kwa uongo huohuo. Na wewe unayesoma, usiseme ni kocha mmoja mbaya. Jengo zima lile la vioo lilifanya kazi hivyo, watu na mishahara yao, na wakubwa wa chuo wakipita nje wanapunga mkono.

Tulirudi kwenye gari. Hakuna aliyewasha injini.

"Mama," Quinton akasema, "nikinyamaza, nabaki na ufadhili wa masomo wanaonipa, nacheza, labda mwakani wananiruhusu. Nikisema, narudi nyumbani mikono mitupu."

Bi Verlene alishika usukani kwa mikono miwili. Yeye ndiye aliyempeleka, na alijua hivyo.

"Hiyo A ni yako?"

"Si yangu."

"Siku moja utashika mkono wa mgonjwa na sindano. Atakuuliza kama kweli ulisoma. Utamjibu nini?"

"Ila mama, ni mpira. Watu watatuchukia."

"Nyla," mama akauliza bila kugeuka, "wewe unasemaje?"

"Mimi namtaka nesi," alisema Nyla. "Nyigu wako wengi."

Quinton akafungua mlango. Alikwenda kwa miguu hadi ofisi ya mkuu wa taaluma, akaeleza kila kitu, na Dakta Ostrander akasimama naye kama shahidi.

Sasa sikilizeni haki ya Dunmorrow. Chuo kiliunda kamati. Kamati ikakaa, ikanywa kahawa, ikaona kwamba mwanafunzi Quinton Hargrove alipokea alama kwa kazi isiyo yake. Akafukuzwa. Bi Stroud alihamishiwa ofisi nyingine, ghorofa ya juu zaidi. Kocha aliongezewa mkataba. Dakta Ostrander aliomba angalau mtihani ule utambuliwe, akajibiwa kwamba asiyejiandikisha hana mtihani.

Na sisi wa Pruitt Ferry? Tulikuwa wabaya kuliko kamati. Dukani, mwanamke wa kaunta, anayeimba kwaya moja na Bi Verlene, alimsukumia mfuko wa viazi bila kumwangalia.

"Ameshindwa kuvumilia misimu miwili tu iliyobaki," alisema. "Mama gani anamshauri mtoto ujinga huo?"

"Mama aliyechelewa," Bi Verlene akamjibu. "Wewe wako ana miaka mingapi?"

Mwanamke akaanza kuhesabu chenji. Wa kwake alikuwa na miaka kumi na sita, na makocha walikwisha kuanza kupita mtaani kwao.

Jumamosi iliyofuata uwanja ulijaa pomoni. Fulana ya Quinton ilivaliwa na kijana mwingine, nao watu wakashangilia namba ileile kwa sauti ileile. Yeye siku hiyo alikuwa hospitali ya wilaya, anasukuma vitanda vya wagonjwa kwa ujira mdogo. Chuo kidogo cha wilaya kimemkubali, lakini ameanza sifuri. Miaka miwili ya pikniki haikumfaa kitu. Somo la mwili wa binadamu analisoma upya, na la mwisho nililosikia, analalamika kwamba mwalimu huyu wa sasa anakwenda polepole.

Mafunzo ya kisa hiki

Wazazi, mtu akija kumtaka mtoto wenu kwa ajili ya miguu yake au kifua chake, msimpime kwa sahani. Mwulizeni nani atakayempangia masomo, na mtu huyo analipwa na nani. Akilipwa na timu, ataitumikia timu. Ninyi vijana, neno lenu la siri ni sahihi yenu. Msimpe mtu hata akiwa na peremende.

Na walimu na wakubwa wa vyuo, ninyi ndio nina hasira nanyi zaidi. Chuo kikiacha mpira uamue nani asome nini, kimeacha kuwa chuo, kimekuwa uwanja wenye madarasa pembeni. Sisi mashabiki nasi tusijifiche. Kelele zetu za Jumamosi ndizo zinazowapa jeuri ya kumfuta mtoto wa watu Jumanne. Shangilieni mkitaka, lakini kwanza mwulizeni kijana huyo anasoma nini. Akishindwa kuwajibu, ketini chini.