Mguu wa Nyuma wa Kulia

"Dada, sogeza cherehani yako kidogo. Farasi yangu itapita hapa ikitoka kushinda, na haijazoea kusimama."

Aliyesema hivyo ni Bulaimu, karani wa ghala la pamba, katikati ya soko la Kasongo, suruali nyeupe imepigwa pasi hadi mkunjo wake ungeweza kukata sabuni. Feza hakuinua macho kutoka kwenye gauni alilokuwa akishona.

"Farasi yako? Yote?"

Bulaimu alikohoa. Mgiriki mmoja aliyehama mji alikuwa amemwachia yeye na wenzake watatu farasi wake wa mashindano. Kwa kuwa hakuna kati yao aliyewahi kushirikiana na mtu hata bata, walimgawana jinsi wawindaji wanavyogawana mbawala, ila huyu akiwa hai: kila mtu na mguu wake.

"Mguu wa nyuma wa kulia," alisema. "Ndio unasukuma. Ile mingine inafuata tu."

Feza alicheka mpaka uzi ukakatika. Shangazi yake Fatuma, aliyekuwa akipima mawese pembeni, hakucheka. Alimtazama kijana kama anavyotazama chupa yenye ufa.

Kesho yake Bulaimu alirudi, na kila siku ya soko iliyofuata.

"Mguu umeamkaje?" Feza huuliza.

"Umeamka, mupenzi. Unakusalimia."

Sikukuu ya Wabelgiji ya Julai, siku ya mbio, ilipokaribia, Feza aliushonea mguu ule utepe mwekundu wa hariri.

"Tukishindwa je?" Bulaimu aliuliza.

"Uje tu weye. Miye nilisema napenda farasi?"

Siku ya mbio, Wazungu waliketi vitini kando ya uwanja wa mpira, watu wengine wote juani. Farasi wa akina Bulaimu alitoka mbele, vumbi likatimka, vigelegele vikapanda. Kwenye kona ya kwanza akainua mguu mmoja, ule wenye utepe. Akachechemea hadi golini, akasimama, akaanza kula majani.

"Mguu wa nani ule?" watu walipiga kelele.

"Wa Bulaimu!" alijibu Gérard, mwenye mguu wa mbele wa kushoto. "Yetu iko mizima!"

Uwanja mzima ukageuka kumtazama Bulaimu, ukicheka. Masikio yalimwaka moto.

"Miye? Ile farasi siijui," alisema. "Na mwenye utepe simujui."

Feza alikuwa nyuma yake, na kitenge kipya cha manjano, mkono umeshanyooshwa kumshika bega. Aliurudisha mkono, akajifunga kitenge vizuri, akaondoka.

Tangu siku ile Bulaimu alikwenda kazini kwa kuzunguka nyuma ya msikiti, asipite sokoni. Kucheka kwa watu kulikwisha. Sauti yake mwenyewe haikwisha. Simujui. Alipomfungua farasi utepe, alikuta fundo limezama katika ngozi na mguu umevimba. Akaukanda kwa maji ya moto na chumvi, kila jioni, bila kumwambia mtu.

Mguu ulipopona, alimvuta farasi sokoni mchana kweupe. "Mguu! Mguu!" wauza mihogo waliimba. Alitembea ameinamisha kichwa mpaka kwenye cherehani.

"Farasi ya nani hii?" Feza aliuliza kwa sauti, safu nzima isikie.

"Mguu ni wangu."

"Hatusikii!"

"Mguu ni wangu! Na mwenye utepe namujua! Namujua, Feza. Niliona haya mbele ya watu, sasa naona haya mbele yako, na hii ya sasa hailali."

Feza alizungusha gurudumu la cherehani pasipo nguo.

"Wajomba zako wako wapi?"

"Kabambare. Nitawaita, watakuja kukuposa hata kwa miguu."

"Miguu mizima?"

Watu wakacheka, Bulaimu naye akacheka, na ulimi wa zamani ukamrudia papo hapo.

"Na kusema kweli, mupenzi, tungeshinda. Ni Gérard tu, alikaza utepe kupita kiasi..."

"Gérard?" Shangazi Fatuma aliweka chini kipimo cha mawese. "Asubuhi ile si nilikuwa nauza pale nyuma ya goli? Nilikuona weye, mutoto, unakaza lile fundo kwa meno."