Buti Lililoshika Foleni

Nyumbani kwetu asubuhi huanza kwa sauti mbili. Ya kwanza ni cherehani ya binti yangu, fundi wa nguo za kike. Ya pili ni mjukuu wangu, mtoto wake, msichana wa miaka kumi na miwili. Huyo akifumbua jicho amefumbua na mdomo. Atakusimulia ndoto, atakuuliza kwa nini sabuni inatoa povu, atamsuta paka, na uso bado hajanawa. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Chiriku, na binti yangu wanamwita Mama Chiriku.

Wiki hiyo maneno yake yote yalikuwa ya simu. Ilikuwa imetoka simu janja mpya, yenye kamera safi, na bei yake, ajabu, ilikuwa ya mtu wa kawaida. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa duka la simu: Jumamosi, saa mbili asubuhi. Basi mtaa ukachemka. Hata watu waliokuwa hawana haja nayo wakaanza kuitaka, kwa sababu tu wenzao wanaitaka.

Binti yangu aliihitaji kweli. Kamera ya simu yake ya zamani ilipaka kila kitu rangi ya manjano. Mteja wa mbali akitumiwa picha ya kitambaa cheupe, anaona cha njano. Bibi harusi mmoja alikuwa amekwisha kasirika akapeleka kazi kwa fundi mwingine.

"Chiriku," binti yangu alisema Ijumaa jioni, "kesho alfajiri uende na kigoda changu ukanishikie foleni. Mimi nitamalizia pindo la gauni la watu, nikukute huko kabla hawajafungua. Ukinipatia nafasi nzuri, boksi utalifungua wewe."

"Mimi mwenyewe, mama?"

"Wewe mwenyewe. Kwa mkasi wangu mdogo."

Mkasi huo mtoto haruhusiwi hata kuutazama vibaya. Alilala anatabasamu.

Hapa mtaani kwetu foleni huwa haishikwi na watu, inashikwa na vitu. Tulianzia bombani. Ndoo yako ikishapangwa, wewe nenda kapike, nenda kaogeshe mtoto, ukirudi utaikuta palepale. Hakuna anayegusa ndoo ya mwenzake. Desturi hiyo ikahamia zahanati, ikahamia duka la unga, na Jumamosi ile ikawa mbele ya duka la simu.

Yaliyotokea huko Chiriku alinihadithia mwenyewe, kwa hiyo nayasema kama alivyoyasema.

Alifika kunapambazuka, akakuta vitu vimejipanga ukutani kama wanafunzi paredi. Kulikuwa na tofali, kikapu, mwavuli uliovunjika mbavu, ndoo isiyo na mpini, na vinginevyo. Cha mwisho kilikuwa buti la mpira la mguu wa kushoto, refu, jeusi, lenye kiraka cha kijani kisiginoni. Mwenye buti hakuwepo. Chiriku akaweka kigoda nyuma yake, akakaa juu.

Nyuma yake akaja kijana mmoja mchuuzi. Huyu hununua kila kitu kinachoadimika akakiuza ghali, hivyo jina lake mtaani ni Bei Juu. Akapanga viatu vitano, kimoja kimoja, anapiga mluzi.

"Wewe kaka," Chiriku akamwambia, "una miguu mitano?"

"Nyamaza, chiriku wewe. Nina ndugu wanne wanakuja."

"Ndugu zako wanavaa viatu vyako?"

Watu wakacheka. Mwenye duka, mama mnene mpole asiyependa vurugu, akatoka na ufunguo mkononi. Alivitazama viatu vile, akavisukuma vinne kando kwa fagio. "Mtu mmoja, kitu kimoja," alisema. Kisha akapanda juu ya ngazi ya duka, na watu wote wakamsogelea.

"Jamani, nisikilizeni. Niliagiza simu arobaini. Wameniletea kumi na mbili."

"Kumi na mbili!" watu wakapiga kelele.

"Kumi na mbili tu. Zinatakiwa kila mahali, na kiwanda hakijatengeneza za kutosha. Wengine nitaandika majina. Mzigo mwingine utakuja baada ya wiki tatu."

Chiriku akahesabu kwa kidole. Tofali, kikapu, mwavuli... buti likawa la kumi na mbili. Kigoda cha mama yake kilikuwa cha kumi na tatu.

Akahesabu tena akianzia nyuma, kana kwamba hesabu ingebadilika. Haikubadilika. Akaangalia huku na huku. Kila mtu alikuwa amempa mgongo, anamsikiliza mwenye duka. Buti lilisimama peke yake, mdomo wazi. Akalishika shingo, akaliweka nyuma. Kigoda akakivuta mbele. Kazi yenyewe haikuchukua muda wa kupiga chafya.

Mama yake alifika anahema, uzi umening'inia begani. "Wa ngapi sisi?"

"Wa kumi na mbili."

"Mwanangu!" Binti yangu akamkumbatia mbele za watu.

Saa tatu haijafika, boksi la kumi na mbili lilikuwa mkononi mwake. Wakati huohuo akatokea fundi bomba wa mtaa, amelowa maji mpaka kiunoni. Mguu wa kulia alivaa buti. Wa kushoto alivaa ndala.

"Fundi!" Bei Juu akamwita. "Mguu mwingine umeuacha wapi?"

"Umenishikia foleni," fundi akajibu, na watu wakaangua kicheko. "Bomba la zahanati limepasuka alfajiri, maji yameingia mpaka chumba cha wazazi. Nilikuwa nimeshafika hapa. Ningefanyaje? Nikaacha buti moja, nikakimbia na lingine."

Akalitafuta buti lake. Alipoliona likiwa nyuma ya kigoda, alisimama, akahesabu polepole vitu vilivyokuwa bado ukutani, midomo inacheza.

"La kumi na tatu? Mimi nilipoliweka, mbele yangu nilihesabu vitu kumi na kimoja." Akapangusa macho kwa mkono wenye tope. "Basi macho yangu. Mwaka huu nayaona yananichezea. Itabidi nimwombe muuguzi anipime."

"Pole, fundi," binti yangu akasema. "Wiki tatu si nyingi."

"Si nyingi kwangu mimi. Ila nina binti yangu yuko shule ya bweni ya watoto wasiosikia. Sisi tunaongea kwa mikono. Mwalimu wao amewaruhusu kupigiwa simu ya video kila Jumapili, na kesho ndiyo ya kwanza. Nimeshamwambia mwalimu amwambie nitaonekana." Akatoa mfukoni simu yake ndogo ya kitochi. "Hii haina macho. Haya, atasubiri. Amezoea kusubiri huyo."

Akaandikisha jina lake, namba moja ya mzigo ujao, akavaa buti lake akarudi zahanati.

Mimi nilikuwa barazani nachambua mchele walipoingia. Binti yangu alikuwa anaimba. Chiriku alikuwa kimya. Nikangoja aseme. Hakusema. Nikamuuliza, "Foleni ilikuwaje?" Akasema, "Nzuri." Neno moja! Nikajua mtoto huyu ama ana homa ama ana jambo. Nikamshika paji la uso. Hakuwa na homa. Sikumbana. Mtoto ukimkamua kabla hajawa tayari, atakupa uongo. Nikaendelea na mchele wangu.

Binti yangu akafuta meza ya cherehani, akaweka boksi katikati, akaweka na mkasi mdogo juu yake.

"Haya, fundi wa foleni. Ahadi ni ahadi. Fungua."

Boksi lilikuwa limezibwa na karatasi ya gundi iliyoandikwa kwamba ikikatwa, simu hairudishwi tena dukani. Chiriku akauchukua mkasi. Ncha yake ikagusa ile karatasi, ikasimama hapo. 

"Usiogope, kata," mama yake akasema.

Mtoto akaweka mkasi chini. "Mama, hili boksi si letu."

Kisha yakatoka yote, kwa mkupuo, kama bomba lile la zahanati. Buti, hesabu, kigoda, macho ya fundi. Alipomaliza, mama yake hakupiga kelele. Alikaa kwenye kigoda kilekile, akazungusha gurudumu la cherehani isiyo na kitambaa, kwa muda mrefu. Mimi nilijua anachokiona: yule bibi harusi aliyekwenda kwa fundi mwingine, na wengine wanaofuata njia hiyo.

"Nani alikuona?" akauliza hatimaye.

"Hakuna."

"Basi kwa nini hukunyamaza?"

"Nimejaribu tangu dukani, mama. Siwezi."

Hapo mimi nikakohoa ili nisicheke. Binti yangu akanitazama, na uso wake ukalegea kidogo. Akajitanda mtandio. "Chukua boksi. Tunaenda zahanati. Na utakayesema ni wewe, si mimi."

Njiani Bei Juu akawaona. "Mama Chiriku! Mnairudisha? Niuzie mimi, nakuongezea nusu ya bei. Haya, bei mara mbili!"

"Hii ina mwenyewe," binti yangu akamjibu, wala hakupunguza mwendo.

Walimkuta fundi amelala kifudifudi uani mwa zahanati, mkono mmoja umezama shimoni hadi begani. Chiriku alianza kusema na visigino vya fundi, maana ndivyo vilivyomwelekea. Fundi akageuka, akakaa kwenye tope, akamsikiliza mpaka mwisho. Hakutabasamu.

"Kwa hiyo nilihesabu sawa," akasema.

"Ulihesabu sawa, baba. Nisamehe."

"Macho yangu mazima?"

"Mazima kabisa."

"Wewe mtoto umenizeesha asubuhi moja! Nimeshinda nashika spana kwa woga, nasema labda nakaza kumbe nalegeza. Muuguzi amenipanga Jumatatu." Akachota maji kwa kiganja akajiosha uso. "Nimekusamehe. Lakini huyo muuguzi utaenda wewe kumwambia siendi."

Chiriku akaenda kumwambia, na muuguzi naye akataka kujua kwa nini, ikabidi aseme mara ya tatu.

Fundi akafuatana nao dukani, na huko hakukuwa na shida. Mwenye duka alikagua karatasi ya gundi, akaona haijaguswa, akamrudishia binti yangu pesa zake, fundi akalipa na kupewa boksi. Jina la binti yangu likaandikwa mahali pa jina la fundi, la kwanza katika mzigo ujao. "Leo nimeona watu wengi wakigombea kwenda mbele," alisema. "Wanaorudi nyuma ndio hawa wa kwanza."

Wiki tatu hizo Chiriku alizilipia kwa miguu. Kila akitoka shule, alibeba mfuko wa vipande vya vitambaa, akawapelekea wateja nyumbani waone rangi kwa macho yao. Alirudi na vumbi mpaka magotini. Alijifunza kutofautisha nyeupe ya maziwa na nyeupe ya chumvi. Mteja mmoja akasema afadhali hivi kuliko picha, akaagiza magauni mawili.

Lakini Jumapili ile ya kwanza ndiyo ninayoikumbuka zaidi. Fundi alikuja barazani kwetu na simu yake mpya, amevaa shati la pasi.

"Nina tatizo," akasema. "Nikiishika simu kwa mkono mmoja, nabaki na mkono mmoja wa kusemea. Mtoto wangu ataniona kama nina kigugumizi."

Chiriku akaishika simu kwa mikono miwili, mbele ya kifua chake, kioo kikamtazama fundi. Uso wa msichana ukatokea. Mikono ya baba ikaanza kuruka, na ya mtoto ikajibu kwa kasi. Nusu saa nzima baraza letu lilijaa mazungumzo na hakukuwa na sauti hata moja. Fundi alicheka mpaka akafuta machozi. Chiriku hakusogea, ingawa niliona mikono yake inakufa ganzi.

Walipoagana akauliza, "Amesema nini mwishoni?"

"Ameuliza nani anashika simu."

"Ukamwambiaje?"

"Nimesema ni rafiki. Habari ya buti utamweleza mwenyewe ukishajua mikono."

Jioni tulipokuwa tunapangusa kile kigoda, nikamwambia: "Mjukuu wangu, ulidhani umesogeza kiatu. Kiatu kile kilikuwa mtu. Kwenye foleni kila kitu kina mwenyewe, awepo asiwepo, na hapo kwenye uhaba ndipo utakapojijua wewe ni nani. Ulichukua nafasi ya mtu, ukamchukulia na imani ya macho yake. Simu ingetuzeekea hapa, lakini kosa hilo lingebaki. Umefanya vizuri kurudisha boksi mapema."

"Nimesikia, bibi," akasema.

Simu ya mama yake imeshafika sasa, na boksi alilifungua yeye, kwa mkasi mdogo. Kila Jumapili fundi huja, na Chiriku anajua mikono kiasi cha kupokezana maneno na binti wa fundi. Nilidhani angalau hapo nitapata utulivu. Wapi! Juzi nimemkuta anamsuta paka kwa vidole.