Walinifanyia Matanga Nikiwa Hai

Wasomaji wenzangu, nina miaka kama arobaini na kwetu ni Rumonge. Mkono wangu wa kulia umekufa, kwa hiyo maneno haya nayasema taratibu, na jirani yangu, mwalimu wa chuo cha Kurani, ananiandikia. Mkiona sentensi fupi, ndivyo ulimi wangu unavyoniruhusu siku hizi.

Nilikuwa mzima, mwenye nguvu. Marehemu baba aliniachia nyumba pamoja na shamba la michikichi kule Kizuka. Mume wangu Ramadhani, mchuuzi wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, ndiye aliyehamia kwangu. Mungu hakutupa mtoto, lakini tulipendana... au mimi ndivyo nilivyodhani.

Asubuhi moja nilikuwa shambani nakanyaga chikichi kutoa mawese. Kichwa kikaniuma ghafla kama kimepasuliwa. Nikataka kuita mtu, ikatoka sauti nisiyoijua. Mguu ukalegea, nikaanguka. Nilipozinduka nyumbani, upande wote wa kulia haukuwa wangu tena, mdomo umepinda, maneno yamepotea. Kikombe nilikijua ni cha kunywea, lakini jina lake halikuja.

Wengine walisema kiharusi, wengine pepo. Mdogo wangu Zuhura, tuliyezaliwa naye tumbo moja, akaja kuniuguza. Mwanzoni alinilisha uji huku analia. Baadaye machozi yakakauka. Yeye na mume wangu wakaanza kula sahani moja, wakicheka, na mimi nimelala pale pale kwenye mkeka. Walidhani kwa kuwa sisemi, basi sisikii. Nilisikia kila neno!

"Umupe talaka tu," Zuhura alimwambia.

"Nikimupa, nyumba ni yake na shamba ni lake. Mimi natoka mikono mitupu," akajibu Ramadhani. "Na nisipomupa, wewe mudogo wake sitaozeshwa yeye akiwa hai. Dini inakataza kuoa dada wawili pamoja."

Zuhura hakumkemea.

Miaka ile serikali ya Wadachi, yaani Wajerumani, ilikuwa inatafuta wagonjwa wa malale, ule ugonjwa wa usingizi, kando ya ziwa na kuwapeleka kambini. Watu wa boma walipita kijiji kwa kijiji wakipapasa watu shingo kutafuta tezi zilizovimba. Walipofika kwetu, Ramadhani aliwaita mwenyewe.

"Huyu mugonjwa iko na malale," akawaambia. "Analala muchana kutwa, anatoka mate, watu hawajui tena."

Nilitikisa kichwa. Nililia. Mkono wangu mzima ukashika nguo ya Zuhura. Akavibandua vidole vyangu, kimoja baada ya kingine...

"Munaona?" akasema mume wangu. "Akili imekwisha kwenda."

Nikapakiwa mtumbwini kama mzigo wa mihogo.

Kambini, daktari Mdachi alinipapasa shingo, akanichoma sindano, akatazama damu. Akamwambia mkalimani wake kwamba sina malale, nimepooza. Lakini nani angemrudisha mtu asiyeweza kutaja kwao? Nikabaki.

Aliyelala karibu nami alikuwa mama wa Kirundi, jina lake Nyandwi. Huyo malale yalikuwa yamemwingia kweli. Kila alipoamka aliniinua, akaniegemeza begani, tukajikokota kwenda kuchota maji. Aliniambia "amahoro", yaani amani, kisha akangoja. Hakunimalizia neno. Siku moja likatoka: "Ama... amahoro." Neno langu la kwanza likawa la lugha yake, si la kwetu. Nyandwi alicheka mpaka akakaa chini. Yakafuata maji, moto, mguu.

Kabla mvua hazijaisha, Nyandwi alilala asiamke tena. Sikuwa bado na maneno ya kutosha kumshukuru.

Nilipoweza kutembea kwa fimbo na kutamka "Rumonge", nilipandishwa mtumbwi uliokuwa unaelekea kusini. Nikaukuta ukuta wa nyumba yangu umepakwa chokaa mpya. Zuhura alikuwa uani, mjamzito. Kumbe nilikuwa nimekwisha fanyiwa matanga! Hitima ilisomwa, wali ukaliwa, kisha Ramadhani akamwoa mdogo wangu ndani ya nyumba ya baba yetu.

Majirani wakajaa, wasiwe na hakika na uso wangu uliopinda na kukonda. Ramadhani akanitazama usoni. "Simujui huyu mwanamuke," akasema. "Muke wangu alikufa kambini."

Mzee wa mtaa akaniuliza jina langu. Jina langu mwenyewe... likakataa kutoka. Moyo ukienda mbio, ulimi wangu hufunga. Nilisimama, watu wananong'ona. Nikamgeukia Zuhura, nikalazimisha: "Zu... sema wewe."

Nilidhani atanizika mara ya pili. Kisha akafunika uso kwa kanga.

"Ni dada," akasema. "Habari ya kifo hatukuletewa na mutu. Tuliitunga sisi."

Ramadhani alivuka ziwa wiki ile ile, hata mtoto wake hakumngoja azaliwe. Zuhura anaishi nyuma ya nyumba yangu na kichanga chake. Kila asubuhi ananiletea maji ya kuoga, na kila asubuhi ananiomba radhi. Maji nayapokea. Radhi bado. Mtanilaumu? Njooni kwanza mlale mkekani, mkisikiliza watu wakijadili namna ya kuwaondoa.

Nawasihi, ndugu zangu. Mwenye mali yake aiseme mbele ya mashahidi angali mzima, ulimi wake ungali unamtii. Na nyumbani kwenu akiwepo aliyepooza, msimzungumzie kana kwamba ni gogo. Muulizeni, kisha mngoje. Mngoje hata kama chakula kinapoa. Jibu lake lipo. Linachelewa tu.